Kulisha Mchanga: Mafunzo Niliyopata kwa Bibi Mkulima wa Zinga

Ukipita Bunju ukashika barabara ya Bagamoyo, kuanzia Mapinga na Kerege hadi Zinga na Kiromo, utaona nyumba mpya zimechomoza katikati ya minazi na mikorosho. Wengi wetu tuliojenga huku tulikimbia bei za viwanja vya mjini, na wengi tulikuta kitu kimoja uani: mchanga. Unaumwagia ndoo ya maji, unayameza, na baada ya muda mfupi umekauka kana kwamba hakuna aliyeugusa. Kwa macho ya mjenzi ni mali ya kufyatulia matofali. Kwa macho ya mtu anayetaka mchicha wa jioni ni mtihani.

Mboga zangu nilikuwa nanunua kwa bibi mmoja wa Zinga anayelima eneo dogo nyuma ya nyumba yake. Hanunui mbolea ya dukani wala hapulizi sumu, na mboga zinastawi kwenye mchanga uleule ulionishinda. Siku nilipomwomba anifundishe, alinijibu, "Njoo alfajiri na jembe lako, mjukuu wangu. Maneno tutayasema tukiwa tumeinama." Nimekuwa nikienda, kiangazi na masika. Haya ndiyo niliyoyabeba kutoka kwake, pamoja na yale niliyowauliza maofisa ugani au kuyasoma kwenye jarida la Mkulima Mbunifu kila nilipotaka kujua sababu.

1. Mlo wa udongo unatangulia mbegu

Somo la kwanza lilikuwa chini ya mwembe, mbali kabisa na matuta. "Wewe unataka mboga," aliniambia Bibi, "na mboga inataka udongo. Sasa unaanzia wapi?"

Chembe za mchanga ni kubwa na nafasi kati yake ni pana. Maji hupita moja kwa moja, yakiondoka na chakula cha mmea. Ukimwaga urea leo na mvua kubwa ya masika ikanyesha usiku, sehemu kubwa ya naitrojeni yake itazama chini ya mizizi na kuelekea kwenye maji ya visima. Kinachoweza kushika maji na chakula kwa pamoja katika ardhi ya namna hii ni mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza vizuri, yaani mboji.

Lundo la Bibi hujengwa juu ya ardhi, kivulini, kwa sababu shimo hujaa maji wakati wa masika. Chini kabisa ni vijiti na mabua ya mahindi ili hewa ipite. Halafu tabaka la vikavu: majani ya mwembe, nyasi, pumba za mpunga. Juu yake vibichi: maganda ya ndizi na mihogo, majani ya mlonge, magugu yaliyong'olewa kabla ya kutoa mbegu. Kisha samadi ya mbuzi au kuku, majivu kidogo, na udongo wa bustani wenye vijidudu vya kuanzishia kazi. Kila tabaka linanyunyiziwa maji. Vikavu huwa vingi kuliko vibichi. Vibichi vikizidi, lundo linanuka. Vikavu vikizidi, linakaa tu bila kuoza. Upana na kimo visipungue mita moja, la sivyo joto halikai ndani.

Kipimo chake ni mti mrefu uliochomekwa katikati ya lundo. Baada ya siku chache anauchomoa na kuushika. Ukiwa wa moto, mambo ni mazuri: lundo zuri hufika nyuzi joto 55 hadi 65, kiasi cha kuua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Ukiwa wa baridi na mkavu, anaongeza maji. Ukiwa wa baridi na umelowa, anageuza lundo lipate hewa. Kwa hali ya joto ya pwani, lundo linalogeuzwa kila baada ya wiki mbili au tatu huiva kwa miezi miwili hadi mitatu. Linakuwa jeusi, linanukia udongo, na ganda la ndizi halitambuliki tena.

Samadi mbichi haiendi kwenye mche moja kwa moja, hasa ya kuku, kwani huunguza mizizi. Ipite kwanza kwenye lundo.

2. Kiangazi chimba, masika inua

Nilizoea kuona matuta yaliyoinuliwa katika kila picha ya bustani. Kwa Bibi, tuta hubadilika kwa msimu. Wakati wa kiangazi vitalu vyake vimechimbwa chini kidogo ya usawa wa ardhi, na kingo zake zimeinuka, ili kila tone libaki pale lilipodondoka. Masika yakikaribia anavifukia na kuinua matuta, kwa sababu mvua za Aprili zinaweza kuozesha mizizi ya kila kilichopandwa bondeni.

Chini ya kitalu cha kiangazi hutandika makumbi ya nazi yaliyopigwa na mvua msimu mzima, upande wa nyuzi ukitazama juu. Makumbi hufyonza maji na kuyaachia polepole, nayo huku Bagamoyo hayanunuliwi. Juu ya makumbi inakuja mboji iliyochanganywa na mchanga, kisha miche, na mwisho matandazo ya nyasi kavu au makuti yaliyokatwakatwa, unene wa vidole vinne. Matandazo yasiguse shina, maana unyevu ukikaa hapo shina linaoza, na mchwa wakifuata nyasi wanaweza kuhamia kwenye mche.

Kitalu chenye matandazo humwagiliwa mara chache zaidi kuliko kile kilicho wazi. Kwa anayebeba maji kwa ndoo, hilo peke yake linatosha kumshawishi.

3. Soma upepo

Bibi hasemi Juni wala Januari. Husema kusi imeshika, au kaskazi imeingia. Kusi huanza na masika, kati ya Machi na Mei, na kuendelea kuvuma hadi miezi ya baridi. Vuli huja Oktoba hadi Desemba, kisha kaskazi huleta jua kali la Januari na Februari. Bustani yote imepangwa juu ya kalenda hiyo.

Nyanya na chainizi hupendelea Juni hadi Agosti, hewa ikiwa ya ubaridi na mvua zimekatika, kwa hiyo kitalu cha miche huandaliwa masika yanapoelekea mwisho, chini ya kichanja cha makuti. Nyanya iliyoko shambani katikati ya masika huliwa na ukungu kabla haijaliwa na watu. Bamia, kunde na mchicha hukubali karibu mwaka mzima. Kaskazi ni wakati wa matembele na vitu vingine vinavyostahimili jua, vikipata kivuli cha mpapai au mgomba mchana.

Kalenda hiyo ina mashaka yake siku hizi. Vuli ya mwaka 2023 ilikuja na El Niño na kumwaga mvua kupita kiasi. Mwaka mmoja kabla, Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipungua kiasi kwamba Dar es Salaam iliingia kwenye mgao wa maji. Ndiyo maana bibi huyu anayesoma upepo husikiliza pia utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, na hapandi mbegu zake zote siku moja. Anapanda sehemu, anasubiri wiki mbili, anapanda tena. Mvua ikidanganya, inadanganya sehemu tu. Na ikikubali, mchicha hauivi wote kwa pamoja ukakosa mlaji.

4. Onja maji kabla ya kumwagilia

Katika visima vya karibu na ufuko, maji matamu ya mvua huwa yamelala juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kiangazi kikirefuka, au mtu akivuta mengi kwa pampu kwa mkupuo, ya chumvi hupanda. Kisima kilichokuwa kitamu Juni kinaweza kuwa na munyu Februari. Bibi huonja. Akihisi chumvi, kwanza anapunguza kuteka, anachukua kidogo asubuhi na kidogo jioni badala ya kujaza mapipa yote mara moja.

Pili, anamwagilia chini kwenye mizizi na kuacha majani, kwa sababu chumvi ikikaukia juu ya jani hulibabua kingo. Tatu, anachagua kipi kimwagiliwe maji hayo. Maharage huonyesha maudhi haraka sana. Mchicha una uvumilivu zaidi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati huwekewa miche michanga. Masika yanapofika, vitalu vilivyonyweshwa maji ya chumvi huachwa wazi vinyeshewe, mvua isukume chumvi chini.

Tahadhari hiyohiyo inahusu mwani. Mlingotini, jirani tu na Zinga, kuna wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, na mabaki yanayotupwa ufukoni yana potasiamu nyingi inayofaa bustani. Bibi huyaacha nje yanyeshewe kwanza, ndipo yaingie kwenye lundo.

5. Mjue mdudu kabla ya kumtafutia dawa

Mara ya kwanza kuona vidukari wamejaa kwenye kunde nilitaka kujua dawa yake. Bibi alinielekeza nigeuze jani. Katikati ya vidukari walikuwamo wadudu wadogo wa duara, wekundu wenye madoa meusi, wakiwala. Ukipuliza sumu unawaua wote, na vidukari, wanaozaana upesi zaidi, ndio watakaorudi kwanza. Akasema tungoje. Shina lililozidiwa tulilikata na kulizika; mengine tukayanyunyizia maji yenye sabuni ya mche kidogo.

Ulinzi wake mkubwa ni mpangilio wa mimea. Hakuna kitalu chenye zao moja. Bamia inasimama na kunde, nyanya chungu na mrehani, na pembeni kuna mchaichai. Nyanya, bilinganya, nyanya chungu na pilipili ni ukoo mmoja wenye maadui walewale, kwa hiyo hazifuatani mahali pamoja. Zikitoka zinafuata kunde, zinazorudisha naitrojeni, kisha mboga za majani. Mzunguko huu unaweza pia kusaidia dhidi ya minyoo fundo, wanaopenda sana udongo wa kichanga na kuacha vinundu kwenye mizizi.

Ipo pia sababu ya hesabu ya kuacha sumu za dukani kwenye bustani ya mboga za majani. Mchicha hukaa kitaluni wiki tatu hadi nne tu. Dawa ambayo kibandiko chake kinaagiza kusubiri wiki moja au mbili kabla ya kuvuna inaweza kudai nusu ya maisha ya mboga. Mvunaji mwenye haraka ya sokoni hasubiri, na mlaji hana njia ya kujua.

6. Cha asili nacho kina masharti

Mwarobaini upo karibu kila ua wa pwani, ingawa asili yake ni Bara Hindi. Wengi huchemsha majani. Bibi hutumia kokwa, ambazo ndizo zenye nguvu zaidi: hukusanya matunda yaliyoiva, huyamenya, hukausha mbegu kivulini na kutwanga kokwa zake. Takriban gramu 50 za unga huo kwa kila lita ya maji hulowekwa usiku kucha, huchujwa, huongezwa sabuni kidogo ili dawa ishike jani, na kupulizwa jioni. Jioni kwa sababu jua huivunja haraka. Haiui papo hapo. Huwakosesha wadudu hamu ya kula na kuvuruga ukuaji wao. Anayetarajia kuwakuta wamekufa asubuhi atasema haifanyi kazi.

Tumbaku Bibi haigusi. Nikotini ni sumu kali hata kwa binadamu, inapenya kwenye ngozi, na tumbaku inaweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya na pilipili. Hapo nilijifunza kuacha kulichukulia neno "asili" kama cheti cha usalama.

Wapo pia wadudu wanaotaka zaidi ya chupa ya kupulizia. Kantangaze, nondo mdogo kutoka Amerika Kusini, aliripotiwa nchini mwaka 2014. Kiwavi wake huchimba njia ndani ya jani la nyanya, ambako dawa nyingi hazimfikii, na amejenga usugu dhidi ya sumu nyingi za viwandani. Bibi hupita kila asubuhi akichuma majani yenye michoro na matunda yaliyotobolewa, anayazika kwa kina, na msimu ambao kantangaze amezidi anaacha kabisa kupanda nyanya. "Asipokuta chakula, atahama," anasema, na anauza bamia.

7. Mbegu ichaguliwe mmea ukiwa bado umesimama

Kabla ya kuvuna bamia, Bibi hufunga kitambaa kwenye mashina machache yenye afya kuliko yote. Hayo hayachumwi. Matunda hukaukia juu ya mti, mbegu hutolewa, hukaushwa kivulini na kuhifadhiwa kwenye chupa pamoja na majivu makavu. Mchicha hauhitaji hata mashina mengi, kwani moja hutoa maelfu ya mbegu. Matembele hupandwa kwa marando, na mlonge kwa kigingi kinachochomekwa kwenye uzio.

Mbegu chotara za dukani huzaa vizuri, lakini ukizivuna na kuzirudia, watoto hawafanani na mama. Kila msimu inabidi urudi dukani. Kuna mahali chotara inafaa, na Bibi mwenyewe hununua mara mojamoja za nyanya. Ila bustani ambayo mbegu zake zote zinatoka nje haiwezi kuvuka mwaka wa ukata.

8. Magugu mengine ni mboga

Siku za palizi kazi yangu ilikuwa kuuliza kabla ya kung'oa. Mchunga, mnafu, mgagani na mlenda huota vyenyewe mboji inapowekwa. Bibi huviacha pembezoni. Mchunga ni mchungu kweli, lakini ukichemshwa, maji yakamwagwa, ukaungwa kwa tui la nazi na pilipili, wali hautaki mboga nyingine. Mimea hii imezoea pwani, na mara nyingi inasimama wakati chainizi imelala. Watafiti nao wamekuwa wakiithamini: Kituo cha Mboga Duniani kimekuwa na kituo chake cha kanda Arusha tangu mwaka 1992, na mgagani, mnafu na mchicha ni miongoni mwa mboga za Kiafrika ambazo mbegu zake hukusanywa na kuboreshwa pale.

9. Kuku nao wana zamu yao

Uzio wa makuti na vigingi vya mlonge huwazuia kuku wakati miche ni michanga. Kitalu kikishavunwa, lango linafunguliwa siku kadhaa: wanapekua, wanakula mabuu na mbegu za magugu, wanaacha samadi. Halafu lango linafungwa tena.

10. Uaminifu nao hulimwa

Niliwahi kumuuliza Bibi mnunuzi anajuaje kwamba mboga zake hazina sumu. "Anajua kwa sababu anapita hapa," alinijibu. Wateja wake huchuma wenyewe na huona lundo. Kwa anayeuza mbali na nyumbani, njia zipo. Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hai na alama yake ya Kilimohai. Shirika la Kilimo Hai Tanzania, TOAM, lililoanzishwa mwaka 2005, husaidia vikundi vya wakulima wadogo kutumia mfumo shirikishi wa uhakiki, ambapo wanachama hukaguana wenyewe kwa masharti waliyokubaliana, bila gharama kubwa za wakaguzi wa nje.

Sitamdanganya mtu kwamba njia hii ni nyepesi. Fedha ambayo ingeenda kwenye mfuko wa mbolea inalipwa kwa mgongo: kubeba samadi, kugeuza lundo, kukagua majani alfajiri. Tofauti yake ni kwamba kazi hiyo inabaki ardhini. Kitalu changu kilichokwisha kula mboji misimu kadhaa sasa kinashika unyevu hadi siku ya pili, na nyungunyungu wamehamia bila kualikwa.

Kwa hiyo mwenye uwanja wa mchanga kati ya Bunju na Bagamoyo, anayetaka mboga za vuli, asiende dukani Oktoba kutafuta mbegu. Julai aanze kukusanya majani ya mwembe, maganda ya jikoni na samadi ya mbuzi wa jirani, ajenge lundo lake la mita moja kivulini. Likiiva mvua za kwanza zinapodondoka, kitalu kimoja karibu na mlango wa jikoni kinatosha kuanzia: mchicha kwa ajili ya mwezi huo, marando ya matembele kwa miezi inayofuata, na mashina mawili matatu ya bamia yaliyofungwa kitambaa kwa ajili ya mwaka ujao.